Maharagwe ya Cucu Cicily

Kabla ya kwenda shule, Wanjira alikuwa na kazi zake. Alifagia uwanja, akawafungulia mbuzi, akachota maji ya uji kutoka kwenye pipa lililozidi kupungua maji, kisha akaenda kusimama penye ua wa jirani na kumwita Kanini. Wasichana hao wawili walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na waliketi dawati moja katika shule iliyo nje kidogo ya Gachoka. Kanini aliishi na babu na nyanyake, Mzee Muchangi na Cucu Cicily. Hapo kijijini kila nyanya huitwa cucu, awe wako au wa mwenzako.

Mvua ilikuwa imewakosa kwa misimu miwili. Mtama ulikauka kabla ya kufika magotini, na mashamba ya ndengu yakawa vumbi tupu. Ndipo serikali ikaanza kuleta mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Chakula hakikuwatosha wote, kwa hivyo watu waliitwa barazani, kila asiye na uwezo akatajwa jina mbele ya kijiji kizima, na kijiji kikasema kama anafaa au hafai. Nyaga, babake Wanjira, alichaguliwa kuwa mmoja wa wanakamati wa kugawa chakula hicho.

Tangu hapo kijiji kiliota macho. Watu ambao zamani hawakujali jirani amekula nini, sasa walijua mpaka chumvi aliyotia. Anayepata msaada akivaa shati safi, walinong'ona. Akicheka kwa sauti, waliulizana ameshibia wapi. Watoto nao waliambukizwa. Siku moja mwalimu alimnunulia Kanini, ambaye kwao walikuwa wakipata msaada, mandazi kwa sababu alikuwa amesoma vizuri. Mvulana mmoja darasani, jina lake Gitari, akasema, "Kumbe watu wa msaada siku hizi wanakula mandazi? Si waturudishie mahindi yetu." Darasa likacheka. Wanjira naye alicheka kidogo, ingawa alikuwa ameketi ubavuni mwa Kanini. Tangu siku hiyo, Kanini akipata cha kula alikula akiwa amegeukia ukuta.

Siku ya mgao ilikuwa rahisi kujua nani amepata chakula. Jioni moshi ulifuka kila upande, na harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ikaenea mpaka barabarani. Lakini jioni moja Wanjira alipokuwa akiwarudisha mbuzi zizini, aliona kuwa jikoni kwa Cucu Cicily hakukuwa na moshi wowote. Alijua wamepata chakula, kwa maana asubuhi alimwona Cucu akirudi na mzigo mgongoni, kamba imembana kwenye paji la uso. Chakula kimekwenda wapi? Swali hilo lilimwasha.

Alijifanya anamtafuta mwanambuzi aliyepotea, akapita nyuma ya nyumba ile. Hapo akaona pikipiki imeegeshwa. Ilikuwa ya Kaberia, mtu wa Meru mwenye duka la nafaka pale Gachoka. Kaberia alikuwa ameshika gunia wazi, na Cucu Cicily alikuwa akimimina maharagwe ndani, huku akitazama huku na huku. Alipomaliza, Kaberia alitia mkono katika kikapu cha pikipiki, akampa kitu ambacho Cucu alikificha haraka chini ya leso yake. Wanjira alirudi nyumbani mbio.

"Baba, Cucu Cicily anauza chakula cha serikali," alisema walipokuwa wakila. "Nimeona na macho yangu. Amempa Kaberia maharagwe yote."

Nyaga aliacha kula. Alikuwa mtu wa haki, lakini tangu aingie kwenye kamati alikuwa amechoka kusikia maneno. Kila nyumba ilimshtaki nyumba ya pili. "Wanjira, hili ni jambo kubwa," alisema. "Umeona akipewa pesa?"

Wanjira hakuwa ameona pesa. Alikuwa ameona mkono na leso. Lakini babake alikuwa anamsikiliza kwa makini, jinsi alivyowasikiliza watu wazima, na utamu wa kusikilizwa ukamponza.

"Ndiyo, Baba. Nimeona noti."

Gladwell, mamake, alimtazama binti yake kwa muda.

Habari ilitoka kwa Nyaga ikafika kwa kamati, na kutoka kwa kamati ikafika kila mahali. Njue, mwanakamati mwenye sauti kubwa kuliko wenzake wote, alisema hata kisimani kwamba wapo watu wanaofanya biashara na njaa ya wenzao. Hakutaja jina, lakini alitazama upande wa nyumba ya Cucu Cicily. Kule shuleni Kanini aliachwa peke yake wakati wa mapumziko. Wanjira mwenyewe alihamia dawati la mbele, akisema haoni vizuri ubaoni.

Mgao uliofuata ulipofika, Cucu Cicily alipiga foleni tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika, Njue alimwambia asimame kando. "Chakula chako kitabaki stoo mpaka baraza la Jumatano, Cucu. Kuna maneno tunataka kuyachunguza."

"Maneno gani?" Cucu aliuliza.

"Utayasikia huko huko."

Cucu Cicily alikunja gunia lake tupu, akaliweka kwapani, akapita mbele ya watu wote akielekea nyumbani. Hakuna aliyemsalimia. Wanjira, aliyekuwa amekuja kumletea babake uji, alijificha nyuma ya stoo.

Jumamosi yake, Gladwell alimwita Wanjira jikoni. Alikuwa ameshika kopo la maharagwe. "Leo utapika wewe. Haya ni maharagwe ya mgao."

"Umeyatoa wapi, Mama? Sisi hatupati mgao."

"Yameletwa na mamake Njue. Amekuja kupitia huko nyuma, akaniomba unga nimpe, yeye aniachie haya. Akasema nisimwambie mtu." Gladwell alimtazama Wanjira kwa jicho ambalo Wanjira hakulipenda. "Sasa yapike. Nataka kujua yana nini."

Wanjira aliwasha moto asubuhi. Maji yalichemka, akaongeza maji. Kuni zikaisha, akaenda kutafuta nyingine. Jua lilipofika utosini alionja punje moja, ikagoma kati ya meno. Akafunika sufuria na kuongeza moto mpaka jasho likamtiririka. Mbuzi waliporudi kutoka malishoni alionja tena. Ganda lilikuwa limelainika, lakini ndani bado ilikuwa ngumu kama kokoto. Lundo la kuni za siku nyingi lilikuwa limekwisha, na maji ya pipa yalikuwa yamefika chini.

"Mama, haya hayaivi."

"Ni ya zamani sana. Yamekaa ghalani mpaka yakakauka roho," Gladwell alisema. Akavuta kigoda akaketi karibu naye. "Wewe una nguvu, na umeshindwa. Cucu Cicily mgongo wake haumruhusu kukata kuni. Mzee Muchangi tangu apate kiharusi hawezi kutafuna. Hebu niambie, kama ni wewe, maharagwe haya ungeyafanya nini?"

Wanjira alitazama moto.

"Na sasa nikuulize lile aliloliuliza babako. Siku ile, uliona pesa?"

Wanjira alitamani mtu apige hodi, lakini hakuna aliyekuja. Machozi yakaanza kumtoka.

"Hapana, Mama. Niliona mkono tu. Nilidhani ni pesa."

"Ulidhani, ukasema umeona." Gladwell alisimama, akajipangusa majivu. "Twende."

Walimkuta Cucu Cicily ameketi mlangoni. Alipowaona, hakusimama kuwakaribisha. "Mmekuja kuhesabu sufuria zangu?" aliuliza. "Ingieni basi, hamna kitu cha kuficha."

Ndani, Mzee Muchangi alikuwa amelala kitandani, mdomo wake umekwenda upande. Kanini alikuwa akimlisha uji mwepesi wa ndengu zilizopondwa, kijiko kimoja kimoja, akimfuta kidevu kila mara. Alimwona Wanjira, akageuza uso ukutani.

Wanjira alitaka kukimbia. Mamake alikuwa amesimama nyuma yake, mlango umezibwa. "Cucu," alisema. "Ni mimi niliyesema unauza chakula. Nilisema nimeona noti. Sikuona noti."

Cucu Cicily aliinama kando ya kitanda. Kisha akavuta kutoka chini ya kitanda kifuko kidogo, karibu kitupu, akakifungua. Kilikuwa na ndengu. "Hii ndiyo noti yako," alisema. "Ndengu huiva kabla kuni mbili hazijaisha, na mzee huyu anaweza kuzimeza. Kaberia hunipa ndengu robo tu ya kipimo cha maharagwe ninayompa. Najua ananipunja. Yeye huyapeleka kwa shule za bweni huko Embu, wana majiko makubwa na kuni za lori. Mimi nina mafiga matatu na mgongo mbovu."

"Lakini Cucu, kwa nini hukusema barazani?" Gladwell aliuliza.

Cucu alicheka bila furaha. "Niseme chakula cha bure hakipikiki? Wangesema nina kiburi, kwamba nimepewa na bado nachagua. Mtu anayepewa, mwanangu, hana ruhusa ya kusema hata kwamba jiwe ni jiwe."

Jioni hiyo Wanjira alimwambia babake ukweli. Nyaga hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alikaa ameshika kichwa. "Nami nilitosheka na neno la mtoto," alisema mwishowe. "Nyumba iko hapa karibu, na sikwenda kuangalia. Jumatano utasema mwenyewe, mbele ya wote uliowadanganya."

Jumatano watu walijaa uwanjani. Naibu wa chifu alifungua baraza, na Njue akasimama mara moja. Alisema jina la Cicily lifutwe, liwe funzo kwa wengine. Wengi waliitikia kwa vichwa. Cucu Cicily alikuwa ameketi mbele, mikono magotini, akitazama chini. Kama jina lake lingefutwa siku hiyo, ndengu zile kidogo ndizo zingekuwa chakula chao cha mwisho.

Nyaga akamwita Wanjira. Wanjira akasimama mbele ya watu. Alisema alichoona, kisha akasema kile ambacho hakuona, na jinsi alivyokitaja kama amekiona. Watu walianza kunong'ona. Wanjira alisikia jina lake likipita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na kwa mara ya kwanza akajua Kanini alikuwa akisikiaje.

"Hata kama hakuna pesa," Njue alisema, "chakula cha serikali hakibadilishwi. Aliyeshiba ndiye hubadilisha. Mwenye njaa hula alichopewa."

Naibu wa chifu aliwageukia watu. "Sitaki kumwadhibu mtu. Nataka kujua tu. Ni nani mwingine amebadilisha maharagwe haya?"

Kila mtu alimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, akingoja mwingine ajitoe. Kisha mwanamke mzee aliyeketi chini ya paa la stoo akainua mkono. Alikuwa mamake Njue.

"Mama!" Njue alisema.

"Usiniite Mama hapa," mzee alijibu. "Ukiwa huku unapiga kelele, mimi nyumbani meno yamenitoka kwa maharagwe yako. Nimeomba unga kwa Gladwell, kwa mlango wa nyuma kama mwizi, kwa sababu niliogopa kelele hizo hizo."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mkono wa pili ukainuka, wa tatu, na mingine kila upande wa uwanja. Ikawa wazi kwamba karibu kila nyumba iliyopata mgao ilikuwa ikibadilisha maharagwe kwa siri, huku ikimshuku jirani kwa kufanya jambo lilo hilo. Njue alikaa chini.

Baraza liliamua jina la Cucu Cicily libaki, na chakula chake kitolewe stoo papo hapo. Naibu wa chifu aliahidi kuwaeleza wakubwa wake kuhusu maharagwe yale. Kamati nayo ilimwita Kaberia ili ubadilishaji ufanyike hadharani, kwa kipimo cha haki. Kaberia alikuna kichwa, akakubali.

Nyaga alibeba gunia la Cucu mpaka nyumbani kwake, na Wanjira akabeba mafuta. Kanini alikuwa akitembea mbele yao. Walipofika mlangoni Wanjira alimwambia, "Nisamehe, Kanini."

"Nitaona," Kanini alijibu, akaingia ndani kumwangalia babu yake.

Wanjira alisimama pale nje, hajui aende au abaki. Cucu Cicily alimpokea mafuta, akamshika bega.

"Mpe muda," alisema. "Wewe ulimwaibisha mbele ya watu, na hilo haliishi kwa neno moja. Sasa sikiliza, mtoto wangu. Uliona nusu ya jambo, na nusu nyingine ukaijaza kwa moyo wako. Moyo wako ulijaza ubaya kwa sababu sisi ni watu wa kupewa. Mtu akikosa chakula, hajakosa akili wala heshima. Siku nyingine ukitaka kujua nimeficha nini chini ya leso, njoo uniulize. Pengine nitakukasirikia. Lakini ni afadhali nikukasirikie wewe kuliko mzee huyu alale na njaa."

"Ndiyo, Cucu," Wanjira alisema.