Njia ya Kima

"Mama, unikatie hii kikwembe vipande-vipande, upana wa vidole viwili."

Charline alimtazama kijana yule kama mtu aliyeomba apikiwe kiatu. Soko lilikuwa limejaa, watu wanasukumana, vumbi jeusi la volkano limewapanda mpaka magotini. Yeye alikaa katikati ya vikwembe vyake, vitenge vya kila rangi, blauzi ya manjano, nywele zimesukwa zikang'aa.

"Papa, kikwembe inashonwa. Nani alikufundisha kuikata sawa mboga ya lengalenga?"

"Ni ya kufunga ku miti."

"Miti ya kwenu inavaaga?"

Wauzaji wenzake wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomponza Charline. Aliitwa Guylain Zihindula, mutoto wa upande wa Bukavu, shati limepigwa pasi, mabuti yamejaa matope. Kazi yake ilikuwa kuhesabu ndege na wanyama wa msitu kwa shirika moja. Charline akakata kitambaa kile chekundu chenye maua meupe, huku akikionea huruma.

Ulikuwa mwaka ule vita ilipofika Kibati, juu kidogo ya mji. Watu walikimbia, wakalala katika mahema, wakakata miti wapikie watoto. Nani angewalaumu? Lakini msitu uliokuwa mmoja ukabaki vipande.

Tangu siku hiyo simu ya Charline ililia kila jioni.

"Allô, sheri, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, umehesabu nini leo?"

"Katika msitu mukubwa, aina arobaini za ndege. Katika kale kapande ka kando ya barabara, tisa tu. Na kima, wamebaki wanne."

"Si wahamie kule kwa wenzao?"

"Hawavuki shamba, Charline. Kuko mbwa, kuko watoto na mawe. Na kapande kakiwa kadogo, jua na upepo vinaingia toka kila upande. Waliomo wanaoana ndugu kwa ndugu, mpaka wanaisha."

"Sasa dawa ni nini?"

"Kuunganisha. Ukanda mumoja wa miti, toka kipande mpaka kipande. Hatuwezi kurudisha msitu wote, watu watakula wapi? Tunachagua pale panapokaribiana, tunafunga kitambaa chako ku miti kuwa alama."

"Guylain, umenipigia kwa ajili yangu ao ya kima?"

"Kima hawana simu, mupenzi."

Charline akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama yake, Mama Nyiramahirwe, alikuwa amekimbilia Munigi, chini ya Kibati, kwa dada yake. Shamba la marehemu mume wake, mbele kidogo ya Kibati, ndilo kitu pekee alichobaki nacho duniani. Barabara ilipotulia, akapanda kwenda kuliona. Aliteremka moja kwa moja mpaka sokoni, jasho likimtoka, ngumi imefungwa. Akaifungua mbele ya Charline: kitambaa chekundu, maua meupe.

"Wamefunga hizi ku miti yetu ya mpaka. Yote! Jirani anasema ni alama, shamba letu linageuka msitu."

Miti ya mpaka si miti ya mchezo. Baba wa nyumba anaipanda mbele ya majirani, nao wanakuwa mashahidi. Atakayefunga kitu juu ya miti hiyo, mwenye shamba akiwa hayuko, amesema shamba ni lake. Charline alishika kile kitambaa, akatambua mkato wa mkasi wake mwenyewe. Akachukua simu, akampigia.

"Guylain! Mimi ndiye niliyekukatia kitambaa cha kumunyang'anya mama yangu?"

"Mama yako? Sheri, sikujua ni kwenu! Niliuliza, wakasema wenyewe walikimbia, hakuna mutu..."

"Kukimbia si kufa."

Akakata simu. Siku kumi na moja hakuipokea.

Guylain hakulala mlangoni kwa Charline akilia. Alikwenda kwa mkubwa wake wa kazi, Bagalwa, akaweka kidole juu ya ramani.

"Shamba hili tulifute."

"Tukilifuta, vipande viwili havitaungana kamwe. Kima wale wanne wamekwisha. Na kazi yako je?"

"Nilifunga mti wa mpaka wa mjane bila kumuuliza. Futa, muzee."

Kisha akapanda Kibati, akaita majirani wawe mashahidi, akaanza kufungua vitambaa, mti kwa mti. Jirani mmoja akampigia simu Charline, akamwambia shamba lao limefutwa kwenye ramani. Charline akafunika vikwembe vyake, akamchukua mama yake, wakapanda pikipiki. Walimkuta kwenye mti wa mwisho.

"Umefuta?" Charline akauliza.

"Nimefuta."

"Na kima?"

"Watabaki kule kule, mpaka waishe," Guylain akasema. Charline akageuka, akatazama shamba lote, mpaka kule ukingoni ambako volkano ilimwaga mawe zamani.

"Mama, upande ule wa mawe tumewahi kuvuna nini?"

"Majembe yaliyovunjika."

"Ukingo ule unatoka msitu huu mpaka ule. Guylain, miti inaweza kupita pale?"

"Inaweza," alisema taratibu. "Ni pembamba, lakini kima watapita. Niliangalia shamba, sikutafuta mwenye shamba. Yeye angenionyesha siku ya kwanza."

Mama Nyiramahirwe akakaza kitenge kiunoni.

"Upande wa mawe nitautoa. Lakini karatasi iandikwe jina langu, si la shirika. Na mutu asiguse maharage yangu."

"Ndiyo, mama. Na kuko neno lingine. Ningependa wazee wangu wapande toka Bukavu, waje kuongea na wewe juu ya Charline."

"Ngoja kwanza. Miti hiyo tukiipanda, kima atavuka lini?"

"Miaka kumi na tano, mama. Labda makumi mawili. Vita isiporudi."

"Ikirudi, tutapanda tena." Mama akamwangalia binti yake, aliyekuwa anaficha tabasamu nyuma ya mkono. "Basi walete wazee wako mwezi huu huu. Macho yangu hayatafika miaka hiyo. Munizalie mutu wa kuangalia."