Udi Uliokuwa Ndani ya Feni

"Elfu nne zangu nimekutia mkononi, Ami Kamaludin, nawe umenirudishia jiko la makaa."

"Sema na adabu," fundi Kamaludin alimjibu. "Kazi hii sikufundishwa na mtu, lakini sijamdhulumu mtu. Nikiharibu, nalipa. Baraza zote za hapa Mji wa Kale zajua."

Aida alimwonyesha kiganja. Lengelenge lilikuwa limevimba kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo. "Laptopu ilikuwa imezimwa, nayo ikaniunguza vile. Kabla hujaigusa ilikuwa na joto tu."

Laptopu iliyozimwa haiunguzi. Kamaludin alikuwa tayari kulisema hilo mpaka wasikie Marikiti, lakini lengelenge lile lilikuwa mbele ya macho yake, na wateja wawili walikuwa wameacha mazungumzo yao wanamtazama yeye. Akatia bisibisi mfukoni, akafunga duka.

"Twende nikaione hapo uiwekapo. Ikiwa ni umeme wa kwenu, utaniomba radhi papa hapa. Ikiwa ni mimi, naling'oa jina langu mlangoni."

Nyumba ilikuwa kichochoro cha pili, ghorofani. Nje jua la alasiri lilikuwa likichoma, ila chumbani mwa Aida palikuwa na ubaridi wa kisima. Laptopu ilikuwa imefunikwa juu ya meza ya pembeni, waya wake umelala sakafuni, haukuchomekwa popote. Chumba kizima kilinuka udi.

"Nani afukiza?"

"Hapana mtu. Tangu Bibi afariki sijafukiza."

"Yeye alikuwa akifukiza humu?"

Aida akashusha sauti. "Juu ya meza hiyo hiyo, kila usiku wa Ijumaa. Alikuwa na ruhani wake tangu ujana, jini aliyemlisha udi, na hapo ndipo pake. Nami kazi zangu nazifanyia hapo, basi chetezo kilikuwa kikikaa ubavuni mwa laptopu. Nilimwambia asogeze, hakutaka. Alipofariki nikaacha. Nilisema hayo yalikuwa yake."

Kamaludin aliikumbuka feni ya laptopu alivyoikuta alipoifungua kuisafisha. Haikuwa na vumbi kama za watu wengine. Ilikuwa imejaa utomvu mweusi wa kunata, moshi wa miaka mingi uliovutwa ndani ukaganda, naye aliukwangua wote, akaiosha feni kwa spiriti, akamwaga mtaroni, akajisifu.

"Ulitoa nini mle, Ami?" Aida aliuliza, sasa kwa kunong'ona.

"Uchafu."

"Wote?"

"Mimi sifanyi kazi nusu."

Feni ikaanza kuzunguka.

Kamaludin hakungoja. Aliipindua laptopu, vidole vikaungua, akafungua parafujo moja moja, akang'oa betri na kuitupa kitandani. Feni haikusimama, ikazidi kuvuma, na mvumo ule haukuwa wa kupuliza bali wa kuvuta, ukivuta hewa ya chumba, ukivuta pazia lililoinama kuelekea mezani, ukivuta hata pumzi kifuani mwake, mpaka akashika ukingo wa meza ili asianguke, na harufu ya udi ikageuka kuwa ya nyama inayobabuka, na alipogeuka kumwambia Aida watoke, alimwona ameketi kitini, mgongo wima, mikono magotini, kama mzee anayengoja kuamkiwa.

"Asalaamu aleikum, fundi."

Sauti ilitoka kinywani mwa Aida, lakini ilikuwa nzito, ya kiume, ya mtu asiye na haraka.

"Wa... wa aleikum salaam."

"Mtoto huyu alininyima. Sikumgusa, kwa sababu nilikuwa na akiba yangu mle. Nikila kidogo kidogo."

"Sikujua, maulana." Kamaludin hakuwa amemwita mtu maulana maisha yake yote. "Nitakuletea udi. Ratili nzima. Wa thamani."

"Nani kakuomba wa dukani? Nautaka ule."

"Ule umekwenda na maji."

Macho ya Aida yalishuka taratibu, yakatua kwenye vidole vya fundi vilivyoshika ukingo wa meza.

"Mwingine umebaki chini ya kucha zako," sauti ilisema. "Lete mikono."