Dhambi Iliyovaa Bugaluu

"Brashi hiyo ni yangu!"

Natalia aligeuka. Ilikuwa siku ya mnada Karatu, duka zima watu wanagombea sukari, na huyu kijana anagombea brashi ya rangi! Mrefu, suruali ya kaki ya bugaluu iliyopanuka miguuni, shuka jekundu begani, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

"Yako kwa vipi, na mimi ndiye niliyeishika?"

"Sista, wewe unataka kupaka nini?"

"Mlango wa kliniki. Na wewe?"

"Nafagia nyayo."

"Za ng'ombe?"

"Za watu. Walipita kwetu kule Ngorongoro, kwenye majivu ya volkano, miaka zaidi ya milioni tatu iliyopita."

"Ebo! Adamu mwenyewe hajafikisha umri huo!"

"Basi njoo umuulize."

Natalia akampa brashi. Akampa na jina, na jioni ile wakanywa chai hotelini wakibishana kama watu waliooana zamani. Moringe alikuwa amemaliza kidato cha nne akaajiriwa na watafiti, lakini hakuanza kazi asubuhi bila kumwomba Engai, Mungu wa kwao. Natalia, muuguzi, binti wa katekista wa Mbulumbulu, aliwafundisha kina mama jinsi mimba inavyotungwa, kwa picha na fimbo, bila kupepesa macho. Ila ukimgusia mwili wake mwenyewe, macho chini.

Na mwili wenyewe ulikuwa umeamka. Kila Jumamosi Moringe alikuja na gari la watafiti, wakatembea kandokando ya mashamba ya ngano, wakabusiana mpaka kitambaa cha Natalia kikadondoka kichwani. Hawakuvuka hapo. Kisha Natalia husema, "Niache hapa, nina shughuli."

Shughuli gani? Moringe ni mtu wa kufuata nyayo. Siku moja akafuata, akamkuta kanisani kwenye foleni ya maungamo. Akamsubiri nje.

"Umeungama nini?"

"Hayo hayaulizwi."

"Umeniungama mimi?"

Natalia angeweza kudanganya, lakini ndiyo kwanza ametoka kuungama.

"Si wewe," akasema. "Ni ninavyokutamani. Nakutamani mpaka naogopa, Moringe."

"Kumbe kila Jumamosi unaninawa kama tope! Kwetu ukipewa kitu kizuri unamshukuru Engai, huombi radhi. Mimi sioi mwanamke wa kunijutia kila wiki."

Akapanda gari, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Chakula kikamshinda Natalia. Mwishowe akajipa moyo, akaingia kwenye chumba cha redio kolu cha hospitali, ingawa alijua kila zahanati mpaka Digodigo inasikiliza.

"Kambi ya watafiti, namtaka Moringe. Ova."

"Moringe hapa. Kuna mgonjwa? Ova."

"Yupo. Ni mimi. Ova."

Redio ikakwaruza. Halafu sauti ya mama mmoja ikaingilia kutoka zahanati isiyojulikana: "We kaka, mjibu mwenzio! Ova!"

"Njoo uone nyayo," akasema Moringe. "Ova."

Natalia akapanda gari la kliniki ya watoto, akaenda kambini. Moringe akampokea kwa adabu ya kuudhi, akamwambia avue viatu na kupiga magoti, akamkabidhi brashi ile ile. Natalia akafagia taratibu. Kikatokea kisigino, kisha wayo, kisha dole gumba. Akaguna. Miguu ya watoto wachanga hupita mikononi mwake kila siku, na kisigino kilikuwa hicho hicho.

"Walikuwa wawili?"

"Tazama, huyu mkubwa, huyu mdogo. Sambamba."

"Wapenzi?"

"Nani ajuaye? Watafiti wanabishana mpaka chai inapoa."

"Unadhani na wao walitamaniana?"

"Wasingetamaniana, Nata, mimi na wewe tungetoka wapi?"

Natalia akacheka, halafu machozi yakamtoka. Tangu utotoni alidhani Mungu aliumba mtu mzima, kisha akageuza uso alipofika kiunoni. Sasa akaamini kwamba Mungu wake alikuwapo hapa, akiwatazama wawili hawa wakipita, wala hakuona haya. Hakuna katekista aliyemfundisha hilo. Akafanya ishara ya msalaba.

Moringe alikuwa amechuma majani mabichi, akayashika mkononi, kama Wamaasai wanavyofanya wakiomba amani.

"Nilikuacha vibaya," akasema.

"Njoo Jumamosi. Unisubiri pale pale."

Jumamosi Moringe akasubiri nje ya kanisa. Akiungamwa tena, basi, haji tena Karatu. Natalia alikawia humo ndani mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Hatimaye akatoka.

"Umeniungama tena?"

"Nimeungama kwamba nilikuungama. Nilipewa kitu kizuri nikakiita uchafu."

"Padri akasemaje?"

"Nilimsimulia zile nyayo. Naye akauliza zina vidole vingapi."

"Ukamjibu?"

"Vitano, kama vyako. Nikamwambia mwenye vidole yuko nje, anataka kunioa."

"Mimi? Nimesema lini?"

"Sema sasa."

Akasema, foleni nzima ikisikia.