Lipi Liulizwe Kwanza

Siku Milembe alipomwona Luhaga kwa mara ya kwanza, mwanaume huyo alikuwa anagombezwa na bibi muuza chumvi katikati ya soko la Bariadi, na kwa kweli alistahili.

Ulikuwa msimu wa pamba, miaka ile baada ya serikali kuachia biashara hiyo kwa watu binafsi na kila mwenye mizani na turubai kugeuka mnunuzi. Sokoni hapakuwa na pa kukanyaga. Malori yalikuwa yanatimua vumbi, redio za madukani zinashindana kwa kelele, dagaa wa Kalemela wananukia kila kona. Milembe alikuja kununua hao dagaa. Alivaa gauni la kitenge cha kijani lililofuliwa mpaka maua yake yamechoka, na mwenye gauni alikuwa amechoka kuyashinda maua. Alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi wakulima walipohamia kwa wanunuzi binafsi na makarani wakapunguzwa kazi. Mchumba wake, Jilala, naye karani, aliruka haraka upande wa pili, akawa wakala wa wanunuzi, akahamia Mwanza, akaoa hukohuko. Hata kuaga hakuaga. Kwa hiyo ukimtajia Milembe biashara huria, anakuangalia tu.

"Bibi, unaona wanunuzi binafsi wanakutendea haki?" Luhaga alikuwa anauliza kwa Kiswahili cha Dar, shati jeupe kachomekea, miwani puani, viatu vinang'aa sokoni pale utadhani anakwenda kufunga ndoa.

"Wewe nani? Umetoka wapi?" bibi akafoka. "Mtu hujajua ameamkaje, unamuuliza habari za haki!"

Milembe akacheka. Alikuwa hajacheka muda mrefu, na koo likamkwaruza.

"Kaka, hujamsalimia."

"Nimemwambia shikamoo!"

"Hiyo ni mlangoni tu. Angalia." Akapiga goti kidogo mbele ya bibi, akaamkia kwa Kisukuma kama mtu na mama yake. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone," bibi akaitikia, uso umekunjuka.

Zikafuata habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua iliyowanyima wenyewe ikanyesha kwa majirani. Ndipo Milembe akaliingiza swali la yule kaka, taratibu. Bibi alijibu kwa kirefu, na chumvi ya bure akaongeza.

Unadhani Luhaga alishukuru? Wapi!

"Umeniharibia," alisema. "Maswali yote hayo kabla ya langu! Jibu limeshaguswaguswa."

"Bila hayo usingepata jibu lolote."

Luhaga akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa na kumtazama upya.

"Unafanya kazi wapi, dada?"

"Sifanyi."

"Sasa unafanya."

Luhaga alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari. Baba yake alikuwa Msukuma mfanyakazi wa reli aliyemlea Dar es Salaam, Kisukuma chake kikaishia kwenye jina. Jioni, baada ya kusahihisha madaftari mpaka macho yanamuuma, alikuwa anaandika utafiti wake wa shahada ya pili. Kazi aliyompa Milembe ilikuwa ya ajabu lakini nyepesi kueleza. Azunguke vijijini kwa baiskeli, awaulize wakulima maswali mawili tu: ushirika uliwatendea haki? Wanunuzi binafsi wanawatendea haki? Nusu yao aanze na ushirika, nusu aanze na wanunuzi. Kila ndiyo ilikuwa mbegu moja ya pamba ndani ya kopo, na kila mpangilio ulikuwa na makopo yake.

Mbegu zilipohesabiwa, Luhaga hakulala. Walioanza kuulizwa ushirika walikumbuka malipo yaliyochelewa, wakaguna, halafu wakawasifu wanunuzi kwa kulipa papo hapo. Walioanza na wanunuzi walikumbuka mizani inayochezewa, na ushirika ghafla ukawa mama yao mzazi.

"Mbona hii si fizikia?" Milembe alimuuliza Jumamosi moja mgahawani, mbele ya chai ya maziwa. "Fizikia si mawe kuanguka?"

"Jiwe halina makuu. Kuna vitu vidogo, vidogo kuliko vumbi hili. Ukivipima jambo moja halafu la pili, unapata majibu haya. Ukianza na lile la pili, unapata mengine. Na si kwamba vinakudanganya. Jibu halikuwa limekaa ndani linakusubiri, Milembe. Linazaliwa pale unapouliza."

"Na watu?"

"Ndicho ninachotafuta. Tumezoea kudhani jibu liko moyoni mwa mtu kama hela mfukoni, ukiuliza analitoa tu. Mimi naona akili ya mtu inafuata hesabu zilezile za vile vidude vidogo. Wapo wenzangu wanaojiuliza hata kuhusu ndege wanaohama, majani ya miti yanavyolishika jua..."

"Ndege tena! Kunywa chai, mwalimu, inapoa."

Alikunywa. Mwanaume wa kumsikiliza hata anapoamrishwa: hilo Milembe aliliona, likamkaa moyoni.

Kupendana kwenyewe hakukuwa na mbwembwe. Wote wawili walikuwa wamechoka mno kwa mbwembwe. Luhaga anarudi na chaki kwenye nywele, Milembe anarudi na vumbi la njia hadi magotini, wanakaa kibarazani kwa mwalimu wamevua viatu.

"Pole, mpenzi."

"Pole na wewe, Msukuma wa dukani."

"Nifundishe neno moja leo."

"Wabeja. Yaani asante. Ulitumie, maana hujui kushukuru."

Jioni moja Luhaga alimletea beseni la maji ya vuguvugu, akachuchumaa, akamwosha miguu mwenyewe. Milembe aligeuza uso machozi yasionekane.

"Unafurahi ukiwa na mimi?" Luhaga akauliza bila kuinua kichwa.

"Sana."

"Na Jilala, bado unamkumbuka?"

"Jilala yupi?" akasema Milembe, wakacheka wote wawili hadi maji yakamwagika.

Mambo yangeishia hapo tungekuwa tumelala. Lakini msimu ulipokaribia kwisha, Jilala alionekana mjini na gari la kampuni, na maneno ya Bariadi hayahitaji miguu. Jumamosi hiyo walikutana mgahawani kama kawaida. Luhaga alizungusha kijiko, akakiweka, akakishika tena.

"Milembe. Jilala bado unamkumbuka?"

Safari hii swali halikuwa na maji ya vuguvugu mbele yake. Liliingia kavu. Milembe aliona miaka yote ile, mahari iliyoanza kuzungumzwa, asubuhi aliyokwenda nyumbani kwa mchumba wake akakuta kufuli.

"Namkumbuka."

"Unafurahi ukiwa na mimi?"

Angeweza kudanganya. Lakini huyu alikuwa mtu wake, akaona amwambie alivyo saa hiyo.

"Sijui, Luhaga. Leo sijui."

Na hapo ndipo mwalimu wetu alipofanya ujinga ambao hata leo nikiukumbuka nasonya. Alipiga meza kwa kiganja, macho yakamwaka.

"Unaona! Umeona? Ndiyo hesabu ileile! Maswali yaleyale, nimegeuza mpangilio, na jibu limegeuka!"

Wateja waligeuka kutazama. Milembe alimwangalia hadi mkono wa Luhaga ukaondoka wenyewe mezani.

"Umeniweka kopo gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mpenzi, sikuwa..."

"Mimi ni mkulima wako wa ngapi? Hata nilipooshwa miguu nilikuwa naulizwa, kumbe. Ningejua ningekuletea mbegu."

Akainuka. Chai yake aliiacha ilivyo.

Milembe alikuwa amepanga chumba nyuma ya saluni ya rafiki yake Felisita, ambaye pia alikuwa na simu ya mkononi ya kupigisha watu, maana mnara ulikuwa ndiyo kwanza umefika. Kesho yake simu haikunyamaza.

"Mwalimu wako anabipu tena," Felisita alisema, vidole vimejaa mafuta ya nywele. "Anabipu mpaka betri inaona aibu. Pokea, bwana."

Ilipolia kweli, Milembe akapokea.

"Sema."

"Milembe, mpenzi, nisikilize. Jibu lako halikuwa baya. Ni mpangilio wa maswali, kwa sababu swali la kwanza linaisogeza akili kabla..."

"Bado unaeleza!"

"Basi niulize wewe chochote."

"Sina swali na wewe."

Akakata. Alikaa chini ya kikaushio cha nywele kisichowashwa, mikono mapajani. Kilichomuuma hakikuwa kuulizwa. Kilichomuuma ni kwamba alifungua kidonda mbele ya mtu, na mtu akafurahi.

"Shangazi yako wa Mwanza naye amepiga," Felisita akasema kwa upole. "Ile nafasi ya kazi dukani kwake, uliyoniambia, ipo. Wanakutaka wiki ijayo. Sasa unakwenda kwa sababu unataka, au unamkimbia huyu?"

"Nakwenda kwa sababu nimechoka."

"Mwanza nako watu wanachoka, shoga."

Milembe alifunga mzigo wake, akapanda lori kwenda kijijini Lingeka kumuaga mama yake. Mama hakumuuliza lolote. Alimpa kikapu, wakaingia shambani kuvuna pamba ya mwisho, ile iliyobaki chini chini, ya kuumiza mgongo. Alivuna siku nzima, na kila alipoinama alijiapiza kwamba akifika Mwanza hatamjibu mtu swali lolote la moyo. Halafu anamkumbuka Luhaga na beseni, anakasirika upya, sasa kwa kumkumbuka.

Siku moja kabla ya safari ya Mwanza, jua limeshaanza kulegea, Luhaga akatokea njiani. Felisita alikuwa amemwelekeza, lori likamshusha barabarani, na shati jeupe lilikuwa na rangi ya barabara. Macho yamezama. Milembe alinyooka katikati ya pamba, asisogee. Akasubiri aone atakavyoanza.

Luhaga hakumfuata yeye. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akachuchumaa na kutoa salamu ya jioni.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Habari za utokako?"

Akajibu. Akauliza za nyumbani, za watoto, za mvua, Kisukuma chake kinachechemea vibaya lakini hakuruka hata hatua moja. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa khanga asicheke.

"Ng'ombe wako hawajambo?" mama akauliza.

"Sina ng'ombe, mayu. Nina wanafunzi."

"Hawajambo?"

"Hawajambo, ila hawasikii."

"Ng'ombe nao hawasikii," mama akasema, akainua kikapu chake, akaelekea uani. Shida ya mgeni hakuigusa, kwa sababu haiulizwi mtu akiwa bado na vumbi.

Luhaga akaja hadi mstari wa pamba aliokuwapo Milembe. Akasimama upande wa pili.

"Sikuja kueleza," alisema. "Nimekuja kusema. Siku ile sikuwa nakupima. Nilikuwa na wivu. Nilisikia Jilala yuko mjini, nikaogopa mpaka nikauliza vibaya. Uliposema hujui, niliumia, Milembe. Niliumia sana. Basi nikakimbilia fizikia. Nikajiambia ni mpangilio tu wa maswali, si kwamba hanipendi. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake hajafa. Ila wewe uliona furaha tu, na ulikuwa na haki."

Milembe alikuwa ameshika pamba mkononi, anaiminya bila kujua. Uongo aliujua, alishaishi nao kwa Jilala. Huu haukuwa uongo. Hasira iliyombeba kutoka Bariadi ilimshuka taratibu.

"Na makopo?" akauliza.

"Yapo shuleni. Wewe humo haumo. Hujawahi kuwamo." Akaiweka miwani sawa. "Naomba nikuulize jambo moja."

"Usiulize."

"Moja tu."

"Ukiniuliza kama nimekusamehe, nitaikumbuka chai ile. Ukiniuliza kama nakupenda, nitakumbuka kufuli la Jilala. Lolote utakaloanza nalo litaliharibu lingine. Si umenifundisha mwenyewe? Basi funga mdomo, mwalimu."

Akaufunga. Milembe akarudi kuvuna. Luhaga naye akainama upande wake akaanza kuchuma, vibaya, anachanganya na majani makavu, vidole vinachomwa na vikonyo na hasemi kitu. Walikwenda hivyo mstari mzima. Mbuzi walikuwa wanarudi nyumbani, mama anachochea moto. Hakuna aliyemuuliza Milembe chochote, na katika kunyamaziwa huko akajisikia anajua anachotaka.

"Mwanza siendi," akasema.

Luhaga akainuka na pamba yake mkononi.

"Nimechoka, Luhaga. Nimechoshwa na ushirika, nimechoshwa na wanunuzi, huyo Jilala ndiyo usiseme. Na wewe umechoka, nakuona. Lakini maadamu kuchoka kupo tu, mimi nataka nichokee kwako."

Mdomo wa Luhaga ukafunguka. Milembe akaliona swali linakuja, akamtazama, naye akalimeza. Machozi yalimchuruzika yakachora njia kwenye vumbi la mashavu.

"Wabeja," akasema.

Moshi ulikuwa umeshapanda uani. Mama naye aliona sasa mgeni amepumzika vya kutosha, akapaza sauti.

"Milembe! Huyo mgeni shida yake nini?"

"Hana shida, mayu," Milembe akaitikia, akamtwika Luhaga kikapu kichwani. "Amekuja kuoa."