Nusu Saa ya Kusoma

Kila Jumamosi asubuhi, kabla maji hayajapotea, akina mama wapangaji wa ploti moja ya mtaa wa Riruta hukutana penye bomba. Kila mmoja huja na mitungi yake. Mwalimu Everlyn Awiti naye huja na yake, leso kiunoni, ndala miguuni. Anafundisha Gredi ya Nne katika shule ya umma iliyo karibu. Nusu ya watoto wa ploti wamepita mikononi mwake.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, jirani yake Mama Ciru aliweka mtungi chini akamvuta kando.

"Mwalimu, nataka kukuuliza kitu. Usikasirike."

"Uliza tu, Mama Ciru."

"Ciru wangu anajua kusoma?"

Everlyn alicheka kidogo. "Ciru? Hakuna daftari safi kama lake darasani."

"Sijauliza juu ya daftari."

Kicheko kilikatika. Mama Ciru akaeleza. Yeye hufanya kazi ya nyumba huko Kileleshwa na hutoka mapema sana. Mama yake mzazi, cucu wa Ciru, anaumwa na macho yake hayaoni vizuri. Jumanne Mama Ciru alimwachia mtoto karatasi juu ya meza. Aliandika hivi: *Jioni mpe cucu kidonge kimoja, baada ya chakula.*

"Alimpa vitatu, Mwalimu. Na cucu alikuwa hajakula. Nilirudi nikampata ameanguka hapo mlangoni."

"Woi! Pole sana. Sasa anaendeleaje?"

"Ako sawa. Daktari alisema tushukuru Mungu. Lakini nilipomuuliza Ciru, si uliona vile niliandika, alilia tu. Akasema hajui karatasi inasema nini, alikisia." Mama Ciru alimtazama usoni. "Gredi ya Nne, Mwalimu. Na wewe kila siku unampa alama za vyema."

Everlyn alisema pole mara ya pili, akabeba mitungi yake, akaenda nyumbani. Siku hiyo yote moyo wake ulikuwa mzito.

Jumatatu wakati wa mapumziko alimwita Ciru. Alifungua daftari lake la Kiswahili. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli, na vyema vyekundu vilijaa kila ukurasa.

"Nisomee hapa, Ciru. Uliandika wewe mwenyewe."

Ciru aliyakodolea macho maneno yale. Akayatazama kama mtu anayetazama picha asiyoielewa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilinakili kwa ubao, Mwalimu."

Darasa la Everlyn lilikuwa na watoto hamsini na wanane. Alipouliza swali, mikono iliyoinuka ilikuwa ile ile, sita au saba. Waliojibu walimfurahisha, somo likasonga mbele. Sasa alianza kujiuliza kuhusu wale wengine. Je, walikuwa wananyamaza kwa sababu gani?

Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu, Bwana Waithaka, alimwita ofisini.

"Kuna kongamano la walimu viongozi katikati ya jiji, siku mbili. Nimeandika jina lako."

"Mimi? Mimi si kiongozi, Bwana Waithaka. Hata unaibu sina."

"Wamesema wanataka mwalimu wa darasa. Nenda."

Mwalimu Muchiri, anayefundisha mkondo wa pili wa Gredi ya Nne, alisikia akacheka. Darasa lake linapakana na la Everlyn. "Hizo semina ni chai na samosa, Mwalimu. Utarudi na kalamu mpya, basi."

Siku ya kwanza Everlyn alidhani Muchiri alisema kweli. Ukumbi ulikuwa katika ghorofa ya tano, na honi za magari zilisikika kutoka chini. Wakubwa walizungumza mmoja baada ya mwingine. Everlyn aliandika kurasa nane. Alipozisoma wakati wa chai, hakuona hata neno moja la kumsaidia Ciru.

Siku ya pili waligawanywa katika vikundi vidogo. Kikundi chake kiliongozwa na Mwalimu Muindi, mzee wa makamo anayefundisha shule moja karibu na Woodley. Muindi hakutoa hotuba. Alimpa kila mmoja karatasi moja tu.

"Andikeni jina la mtoto mmoja," alisema. "Msiandike darasa. Mtoto."

Everlyn aliandika: Ciru.

"Sasa andikeni anachoweza kusoma, na anachoshindwa."

Kalamu ya Everlyn ilisimama. Alijua Ciru hawezi kusoma sentensi. Lakini je, anajua herufi? Anaweza kusoma neno fupi? Hakujua. Aliinua mkono akasimulia kisa chote, hata habari ya cucu kuanguka.

Muindi aliitikia kwa kichwa. "Asante kwa kusema, Mwalimu. Mimi nilifundisha miaka kumi na moja kabla ya kugundua jambo hilo. Tunasahihisha mwandiko, tunadhani tumesahihisha kusoma. Mtoto anaweza kunakili hata lugha asiyoijua."

"Sasa nifanye nini? Niko na hamsini na wanane."

"Wasikilize. Mmoja mmoja. Mpe karatasi yenye herufi, maneno mafupi, sentensi na hadithi fupi. Utaona anapokwama. Dakika mbili kwa mtoto. Ukisikiliza sita kwa siku, wiki mbili umemaliza."

"Halafu?"

"Halafu kila siku, nusu saa, kila mtoto afundishwe kuanzia pale alipokwama. Wa herufi na herufi, wa maneno na maneno. Baada ya nusu saa, unarudi kwa somo lako la kawaida. Na kila baada ya wiki mbili unawasikiliza tena, anayeweza anasonga mbele."

Mwalimu mmoja aliuliza, "Na hapo uongozi uko wapi? Si tuliitwa hapa kwa sababu ya uongozi?"

"Hiyo nusu saa iko kwenye ratiba yako?" Muindi aliuliza. "Haiko. Utaiomba. Mwenzako wa darasa la jirani atakubali? Utamshawishi. Wazazi wataelewa? Utawaeleza. Huo ndio uongozi, na hauhitaji ofisi."

Everlyn alirudi Riruta na mpango wa ukurasa mmoja. Bwana Waithaka aliusoma, akampa nusu saa ya kwanza baada ya mapumziko. Kwa wiki mbili Everlyn aliwasikiliza watoto wake. Alipohesabu, watoto ishirini na wanne hawakuweza kusoma sentensi moja. Ciru alijua herufi nyingi, lakini hakuweza kuziunganisha.

Wiki ya kwanza ya makundi iliharibika. Everlyn aliunda makundi manne akawa anakimbia huku na huko. Aliposaidia hili, lile lilipiga kelele. Muchiri alikuja mlangoni. "Mwalimu, wangu hawanisikii! Hii ni darasa ama ni soko?" Kibaya zaidi, wale wanaojua kusoma waliwacheka wenzao wa herufi. Waliwaita watoto wa nasari. Alhamisi Ciru hakuja shuleni. Ijumaa pia hakuja.

Ijumaa mchana Everlyn alimpigia Muindi simu. "Imenishinda," alisema, akamweleza zile kelele na malalamiko ya Muchiri.

"Wewe ulikaa na kundi gani?"

"Nilizunguka makundi yote."

"Kaa na wale wa chini kabisa. Wanaojua kusoma wape kitabu, wasomeane wawili wawili. Wanakuhitaji kidogo. Na yule jirani yako wa ukutani, umemwambia unafanya nini?"

Everlyn hakuwa amemwambia.

Jioni ile alikwenda kwa Mama Ciru. Ciru alikuwa amejikunyata kitandani karibu na cucu. Everlyn aliketi kwenye kigoda.

"Ciru, sikiliza. Wewe hujakosea kitu. Aliyekosea ni mimi. Nilikuwa naangalia mwandiko wako, sikuwahi kukusikiliza. Nataka nikufundishe vizuri sasa. Utanipa nafasi?"

Mama yake alijibu. "Sijawahi kusikia mwalimu akisema hivyo." Kisha Ciru aliuliza, "Watanicheka?"

"Nitakaa na nyinyi mwenyewe. Atakayecheka atakuja kunieleza mimi."

Jumatatu Ciru alirudi. Kabla ya kengele Everlyn alimfuata Muchiri katika chumba cha walimu.

"Samahani kwa zile kelele. Nilipaswa kukuambia mapema. Lakini wacha nikuulize. Darasani kwako, wangapi hawajui kusoma?"

"Wangu wanasoma."

"Umewasikiliza mmoja mmoja?"

Muchiri alikunja uso, lakini alichukua ile karatasi ya kupimia. Wiki ilipita bila yeye kusema lolote. Ya pili ilipoisha, alikuja akaketi kando ya Everlyn. Hakuwa na mzaha.

"Kumi na tisa," alisema. "Na wawili kati yao nimekuwa nikiwaita wavivu."

Tangu siku hiyo waliunganisha madarasa yao kwa nusu saa. Muchiri aliwachukua wanaoweza kusoma sentensi na hadithi, akakaa nao kwenye baraza wakisomeana wawili wawili. Everlyn alibaki ndani na wa herufi na maneno. Walikata kadi kutoka kwa makaratasi ya manila na maboksi ya zamani. Waliunganisha sauti: *ma*, *ji*, *maji*. *Da*, *wa*, *dawa*. Waliandika majina yao, wakayakata vipande, wakayaunga tena. Waliposoma neno jipya, walipiga makofi. Ile habari ya nasari ilikwisha yenyewe, maana kila baada ya wiki mbili kulikuwa na aliyetoka ndani akaenda barazani.

Everlyn aliwaita wazazi mkutanoni. Aliwaomba jambo moja tu: mtoto asomee mtu nyumbani dakika kumi kila siku. "Hata kama wewe hujui kusoma, msikilize. Muulize hadithi inasema nini." Kutoka siku hiyo Ciru alimsomea cucu.

Mwisho wa muhula wa pili, Everlyn aliwapima watoto wote tena. Kati ya wale ishirini na wanne, walibaki tisa. Tisa bado ni wengi, naye hakuwaficha. Aliandika majina yao kwenye mpango wa muhula uliofuata. Katika mkutano wa walimu, Muchiri ndiye aliyesimama kueleza ile nusu saa. Bwana Waithaka akakubali ianze Gredi ya Tatu hadi ya Tano.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, asubuhi moja ya baridi, Everlyn aliandika kifungu ubaoni. Watoto walianza kunakili. Chumba kilikuwa kimya. Kisha mkono mmoja ukainuka, si wa wale sita au saba.

"Ndiyo, Ciru?"

"Mwalimu, hapo mstari wa pili." Ciru alisimama, macho yake ubaoni, kidole kikifuata maneno kwa mbali. "Umeandika *mvua ilinyeha*. Si ni *ilinyesha*? Umesahau *s*."

Everlyn aligeuka akatazama. Kweli, alikuwa amesahau. Alichukua chaki, akamnyooshea Ciru.

"Njoo usahihishe," alisema.