Hodi ya Nne

Haya yalimkuta rafiki yangu Malak kule Boko, na mpaka leo akiyasimulia hutema mate chini.

Bosi alimtuma aiunganishe kompyuta ya zamani ya kampuni, lidude kubwa kama kabati, na simu za wateja. Malak alikwisha andika programu fupi: mteja aulize kwa simu, lidude lijibu.

Chumba cha lidude hakikuwa na dirisha. Kilinuka panya aliyeoza, sakafu inanata kama kamasi, mende wanampanda miguuni.

"Mie humo siingii, dada," alisema Anselmo, mlinzi, akabaki nje.

Malak akachomeka laptop kwenye waya uliotokea nyuma ya lidude, akatuma neno la majaribio: hodi. Kimya. Akatuma tena, na tena. Sote tumelelewa hivyo: hodi tatu zisipojibiwa, unaondoka. Yeye, kwa hasira, akatuma ya nne.

Umeme ukakatika. Mngurumo wa lidude ukafa. Kwenye laptop likaja jibu: "Karibu."

Huko nyuma gizani, kitu kikawa kinatafuna taratibu.

Malak akauvuta waya. Ukaja wote, bila ubishi. Ncha ya pili haikuwa imechomekwa popote. Ilikuwa na alama za meno, ya moto, inachuruzika mate.