Pau Nne Zilizolingana

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, tena mpumbavu mwenye kompyuta.

Mimi ni karani katika kiwanda cha kushona nguo. Mwezi ule watu walikuwa wakianguka. Hawapigi kelele. Unasikia cherehani moja imenyamaza, unageuka, mtu yuko chini. Mke wangu, mpiga pasi, alikuwa ameanguka mara mbili.

"Kuna kitu kinapita humu," alininong'oneza. "Kinanikaa kichwani, kisha miguu inaniaga."

Msimamizi akataka chati ya pau ionyeshe chumba kibaya ni kipi. Jedwali nilikuwa nalo, mistari minne tu: Kukata 2, Kushona 3, Pasi 14, Vifungo 1. Nikafungua R, programu ya takwimu, nikaandika geom_bar, amri ya kuchora pau, kwa kujidai. Zikatoka pau nne, hazina namba, zimelingana kabisa, kama watu wanne waliotupa mgongo.

Nywele zilinisimama. Msimamizi akashusha sauti. "Hiki kitu hakichagui chumba. Kinatoka nje. Fungeni madirisha yote!"

Yakafungwa. Kabla ya saa sita mchana mke wangu akaanguka tena. Tulimbeba hadi nyumbani, baridi kama chuma.

Dada yake, afisa afya, akaja kumwona. Nikafungua kompyuta yangu, nikamwonyesha chati.

"Shemeji, hapa umehesabu nini?"

"Walioanguka."

"Umehesabu milango!" Akacheka. Mimi sikucheka. "Geom_bar huhesabu mistari ya jedwali. Inafaa orodha ya mtu mmoja mmoja. Wewe umeshajumlisha, kila chumba kina mstari mmoja. Basi kila upau una urefu wa moja. Tumia geom_col, uiambie urefu ni idadi. Halafu geom_text iweke namba juu."

Akanitajia, nikaandika:

ggplot(jedwali, aes(x = chumba, y = idadi)) +
  geom_col() +
  geom_text(aes(label = idadi), vjust = -0.5) +
  labs(x = "Chumba", y = "Walioanguka")

Upau wa Pasi ukasimama peke yake, 14 kichwani. Zile nyingine zikawa kama zimepiga magoti.

"Chati haisemi sababu," shemeji alisema. "Inasema pa kutazama. Pasi zenu ni za nini?"

"Za makaa."

Akamgeukia dada yake. "Makaa hutoa hewa ya sumu. Huioni, huinusi. Nanyi mmeifungia ndani na dada yangu."

Kesho yake alikwenda mwenyewe kiwandani na chati mkononi. Madirisha yakafunguliwa, pasi za makaa zikatolewa, zikaja za umeme. Mwezi mzima nikajaza sufuri, chumba kwa chumba.

Ndipo msimamizi akaanza kulalamikia bili ya umeme. "Turudishe za makaa. Chati ya kwanza ilitoka kompyuta hiyo hiyo, ikasema vyumba vyote sawa. Kwa nini niamini ya pili?"

Mke wangu, aliyekwishapona na kurudi kazini, akaweka pasi chini.

"Zirudishe, bosi. Ila zamu ya kwanza shika wewe. Mlango nitakufungia mimi."